Indiana Dunes: bichi iacheni kwanza, anzeni na kinamasi

Hii hifadhi inaonewa jamani. Ukipitia maoni ya watu walioipa nyota, huyu analalamika paking ilijaa, yule anasema maji ya ziwa baridi, mwingine kaona kiwanda cha chuma kwa mbali basi kashusha nyota karibu zote. Ukiwasoma vizuri utagundua wote hao walienda bichi. Walishuka kwenye gari, wakatandika taulo, wakala chipsi zao, wakarudi Chicago. Mi sina ugomvi na bichi, ila bichi ya Ziwa Michigan ipo Chicago hapo hapo na wala hulipi kiingilio, sasa uvuke mpaka wa jimbo na foleni zote zile uje ulipe dola 25 kwa kitu ambacho umekiacha nyumbani, lazima ununue na hasira. Kitu ambacho Chicago hukipati ni kile kilichopo nyuma ya bichi, pale unapotoka kwenye maji ya kinamasi, unapanda tuta la mchanga, unajikuta kwenye msitu mkavu wa mialoni na misonobari, alafu unashuka tena kwenye maji, na hapo hujatembea hata dakika tano. Hicho ndo mi nalipia na hicho ndo nakitolea maoni.

Kwa ambao hamuijui, Indiana Dunes ipo kaskazini magharibi mwa jimbo la Indiana, imelala kusini mwa Ziwa Michigan kati ya Gary na Michigan City, tena imelala vipande vipande, na hilo la vipande ntalirudia. Ukubwa wake ni kama eka 15,000 na ufukwe wa maili 15 hivi. Ililindwa mwaka 1966 kwa hadhi ya ufukwe wa taifa, alafu Februari 2019 ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa kamili, ndo mana wengine wanadhani ni mpya. Kwa Marekani ni kahifadhi kadogo sana, Yellowstone inaimeza zaidi ya mara mia. Lakini humu ndani kuna mimea ya asili zaidi ya aina 1,100 na ndege walioonekana ni zaidi ya aina 350. Sasa unajiuliza, eneo lililobanwa na viwanda na reli na barabara kuu, hivi vitu vyote vinakaa wapi? Jibu lake unalipata kwa miguu, kwenye taulo hulipati.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni Miller Woods, upande wa Gary. Unaanzia Paul H. Douglas Center, jengo la elimu ya mazingira lililopewa jina la seneta aliyepigania hii sehemu Washington miaka na miaka, na kichekesho ni kwamba Douglas alikuwa seneta wa Illinois, sio wa Indiana, kwa sababu wakubwa wengi wa Indiana wakati huo walikuwa wanataka bandari na viwanda, habari za maua hawakuwa nazo. Kwenda mpaka ziwani na kurudi ni kama maili tatu na nusu, sio ndefu, ila msiende kwa haraka maana mtapita vitu vyote bila kuviona.

Hatua za mwanzo tu unakutana na maji. Mabwawa marefu membamba yamelala sambamba na ufukwe, juu yana mayungiyungi, pembeni matete na ndago, kereng'ende wanapita pita, na ukienda mwezi wa nne mwishoni au wa tano vyura wanapiga kelele hadi mnaongea kwa kupaza sauti. Pembeni ya maji utaona mti umekatwa, kisiki kimechongoka kama penseli, hiyo ni kazi ya biva, mnyama anayeguguna miti kwa meno. Alafu njia inapanda kidogo, kidogo sana, mtu asiyeangalia hata hajui kama kapanda, na ghafla kila kitu kimebadilika. Udongo mweusi umeisha, ni mchanga mtupu. Matete hakuna. Juu yako ni mialoni, ile wanayoiita black oak, sio mirefu, imekaa kwa nafasi nafasi, jua linapita mpaka chini, na chini kuna nyasi na kangaga na mpungate. Ndio, mpungate, ule wenye miiba, unaota wenyewe huko Indiana kwenye theluji na unachanua maua ya njano mwezi wa sita. Unasikia kigogota anagonga mti mkavu, yule mwenye kichwa chekundu chote, anapenda sana hii mialoni iliyoachana. Unatembea kidogo, unashuka, maji tena.

Kuna siku nlienda na shemeji yangu aliyekuja kutusalimia, akasimama juu ya tuta mojawapo akaniuliza, "Sasa shem, hapa tunaangalia nini, si miti tu?" Nikamwambia shem chuchumaa ushike mchanga. Akashika, mkavu kabisa, ukapita wote kwenye vidole. Nikamwambia haya geuka nyuma. Nyuma yake chini kidogo tu, urefu wa mtu, bwawa limejaa. Akakaa kimya akaangalia mchanga, akaangalia bwawa, akasema "Kha, sasa mvua ya huku inanyesha upande mmoja?"

Mvua inanyesha kote sawa. Mchanga hauwezi kushika maji, mvua ikinyesha juu ya tuta inazama yote, baada ya muda mfupi mizizi ya juu inabaki na kiu. Yale maji yanashuka mpaka yanakutana na maji yaliyopo ardhini, na pale ambapo ardhi imebonyea chini ya kiwango hicho maji yanaonekana kwa nje, ndo hayo mabwawa. Kwaiyo bwawa na tuta vinatumia maji yale yale, tofauti ni kwamba mmoja kasimama ndani yake na mwingine kasimama futi chache juu. Na hizo futi chache zinatosha kubadilisha kila mmea na kila mdudu. Matuta yenyewe ni fukwe za zamani, ziwa liliwahi kufika pale, likaacha tuta la mchanga, likarudi nyuma, likaacha lingine, ndo mana yamejipanga mistari mistari. Shem alivyoelewa hilo nikapata tabu kumtoa, kila tukipanda anachuchumaa.

Na hii ya kupanga mistari ndo imeifanya sehemu hii iwe maarufu kwa wasomi. Mwaka 1899 jamaa wa Chuo Kikuu cha Chicago anaitwa Henry Chandler Cowles alichapisha utafiti wake wa mimea ya matuta ya mchanga ya Ziwa Michigan. Alichokiona ni kwamba ukitoka ziwani kuelekea ndani unakuwa unatembea kwenye umri wa ardhi. Ufukweni mchanga mpya hauna kitu, nyuma yake majani ya marram yanaanza kuushika usihame, yanafuata miti ya cottonwood, nyuma tena misonobari, mbele zaidi mialoni. Msitu unachukua mamia ya miaka kufika hapo, yeye hakuwa na huo muda, alitembea tu kutoka kilicho kichanga kwenda kilicho kizee akasoma mfuatano wote. Watu wa ikolojia wa Marekani mpaka leo wanapahesabu kama pale fani yao ilipozaliwa.

Kama mna watoto ambao Miller Woods itawachosha, huo mfuatano mnaweza kuuona kwa kifupi West Beach, kuna njia ya Dune Succession kama maili moja hivi ina ngazi za mbao zaidi ya 200, zinawapandisha kutoka kwenye mchanga mtupu zinapita kwenye misonobari aina ya jack pine mpaka juu. Mzee kwa ngazi hizo labda hapana. Ila watoto wanapenda. Misonobari hiyo yenyewe ni mifupi, imejikunja kunja na upepo, kwao hasa ni kaskazini kwenye baridi kali, imebaki huku tangu enzi za barafu na haijaondoka. Na chini yake utakuta mmea unaotambaa wa bearberry, huo nao ni wa nchi za baridi, na hatua chache pembeni yake mpungate wa nchi kavu. Mi sijawahi kuona sehemu nyingine hao wawili wanakaa nyumba moja.

Njia ya Cowles Bog, iliyopewa jina la huyo huyo profesa, ni ya watu wenye miguu. Mzunguko mzima ni maili 4.7 na hifadhi wenyewe wanaiandika kwamba ni ngumu. Ugumu wake sio urefu, ni mchanga. Mnaanza vizuri kabisa pembeni ya kinamasi, kivuli, tambarare, mnapiga story, kuna daraja la mbao juu ya maji, mnaingia kwenye mialoni bado raha tu, alafu karibu na ziwa mchanga unakuwa laini na mlima umesimama, kila hatua moja mbele unarudishwa nusu, jua linachoma juu na mchanga unachoma chini. Mkifika juu ndo mnaona ziwa lote. Kurudi pia kuna kupanda, hilo wanaoleta marafiki zao huwa hawakumbuki kuwaambia.

Lakini Cowles Bog ndo kinamasi chenyewe hasa. Kilitambuliwa kama alama ya asili ya kitaifa mwaka 1965, yaani mwaka mmoja kabla hifadhi haijaanzishwa. Ukienda mwisho wa baridi, mwezi wa pili au wa tatu, wakati kila kitu kimekufa, utaona majani manene ya rangi ya zambarau yanatokeza kwenye theluji na theluji imeyeyuka duara kuyazunguka. Ni mmea wa skunk cabbage, unatengeneza joto lake wenyewe, na ukiukanyaga unanuka vibaya kweli. Siku nyingine zote utaona kazi inaendelea, maana sehemu kubwa ya kinamasi ilivamiwa na cattail, yale matete yenye kichwa cha kahawia, yakaziba kila kitu, na hifadhi wamekuwa wakiyaondoa na kurudishia mimea ya asili. Kwenye Great Marsh, upande wa Beverly Shores, shida ilikuwa nyingine, huko watu wa zamani walichimba mitaro kukausha maji wapate mashamba na viwanja, hifadhi ikaja kuiziba mitaro, maji yakarudi yenyewe na ndege wakarudi nyuma yake. Njia ya Great Marsh ni fupi, na kuna kipande cha lami kinafika kwenye jukwaa la kuangalizia, kwaiyo mtu wa kiti cha magurudumu anafika bila kubebwa. Hii naomba mtu mwenye mzazi aliyechoka magoti aiandike pembeni.

Pinhook Bog ni habari nyingine kabisa na wengi hawaijui maana ipo mbali na ziwa, kipande peke yake huko kusini ya Michigan City. Huko huingii hivi hivi, unaingia na renja tu kwa siku zilizopangwa. Ni shimo lililoachwa na bonge la barafu lililozikwa ardhini likayeyuka, maji yake yanatoka kwenye mvua peke yake, na juu ya maji kuna mkeka unaoelea wa sphagnum, vimea vidogo laini kama sponji. Unatembea kwenye daraja la mbao, ukikanyaga mtu mmoja miti midogo iliyopo mbele inatikisika, kwa sababu imeota juu ya mkeka na chini yake ni maji. Na kwa vile maji yana asidi na hayana rutuba mimea imeamua kula nyama, kuna ile yenye majani ya mtungi ambayo inzi akiingia hatoki, na kuna sundew yenye vinywele vyenye gundi. Inama uiangalie sundew kwa karibu, ni ndogo kuliko kidole gumba, kila kinywele kina tone kwenye ncha, na mara nyingi utakuta mbu kashanasa pale, na kwa walioumwa na mbu huko njiani hiyo ni burudani tosha. Alafu mkitoka kwenye daraja mnapanda kidogo mpo kwenye msitu mkubwa wa juu, kukavu, harufu nyingine.

Sasa mkikuta mialoni imeungua chini, ina masizi, msiende kuripoti. Wanachoma wenyewe makusudi, hasa masika na vuli, kwa mpango na zimamoto wakiwepo. Huu msitu wa mialoni umezoea moto, gome ni nene na ukiungua unachipua upya kutoka kwenye mizizi. Usipochomwa miti mingine inaingia, kivuli kinajaa, vile vimea vya jua vinakufa. Kimoja ni lupini ya porini, maua ya bluu mwezi wa tano, na kuna kipepeo mdogo wa bluu anaitwa Karner blue ambaye kiwavi wake hali kitu kingine zaidi ya majani ya hiyo lupini. Alikuwepo humu. Baada ya joto na ukame wa 2012 akapotea, lupini bado ipo, mlaji ndo hayupo. Hiyo kidogo inauma, hasa ukikuta lupini zimechanua upande mzima wa tuta.

Mount Baldy nayo lazima niiseme maana kila mtu anaiulizia. Ni tuta la mchanga la futi 126 hivi upande wa Michigan City na linatembea, kila mwaka linasogea futi kadhaa kuelekea ndani, liko njiani kulimeza eneo la paking na hakuna wa kulizuia. Linatembea kwa sababu watu walikanyaga majani yaliyokuwa yanaushika mchanga, na kuta za bandari ya Michigan City zinazuia mchanga mpya usifike kwenye ufukwe wake, kwaiyo upepo unachukua upande huu na hakuna kinacholetwa upande ule. Njiani limefukia msitu wa mialoni ukiwa umesimama. Mwaka 2013 mtoto wa miaka sita alitumbukia kwenye shimo lililofunguka ghafla juu ya tuta, ilichukua zaidi ya masaa matatu kumchimbua akiwa chini futi 11 hivi, na akatoka hai. Wanasayansi walipochunguza wakakuta ni ile mialoni iliyofukiwa, shina linaoza ndani ya mchanga linaacha uwazi wa wima, hakuna dalili juu, siku likifunguka limefunguka. Tangu hapo kileleni hapapandwi bila renja. Kila nikienda naona mtu karuka kamba anapiga picha juu, aisee, kuna maelezo kabisa yamebandikwa pale. Njia ya kwenda ufukweni ipo wazi, inatosha, na mkiwa chini angalieni ule upande wa nyuma wa tuta mtaona miti bado mizima, matawi nje na shina lote ndani ya mchanga.

Watu wanaosema viwanda vinaharibu mandhari hawajakosea, kweli vipo, na ukisimama sehemu nyingi za ufukwe utaviona kulia au kushoto. Ila mkijua historia mnashukuru hiki kilichobaki. Michigan City ilikuwa na tuta linaitwa Hoosier Slide, karibu futi 200, watalii walikuwa wanakuja kulipanda, likapakiwa kwenye mabehewa likaenda kutengenezwa vioo, mengine mitungi ya Ball ile ya kuhifadhia matunda, mpaka likaisha lote, leo pale kuna mtambo wa umeme wenye lile bomba nene ambalo wageni wote wanadhani ni nyuklia na wala sio, ni makaa ya mawe. Matuta mengine ya katikati yalisawazishwa miaka ya 60 kupisha bandari na kiwanda cha chuma cha Burns Harbor, na mchanga wake ukabebwa na maboti kwenda Evanston kujazia ziwa ili Chuo Kikuu cha Northwestern kipate kupanua eneo lake. Mama mmoja Dorothy Buell alianzisha Save the Dunes mwaka 1952 kupambana na hayo, kituo cha wageni kina jina lake. Kwaiyo hizo vipande vipande mnazoziona ni zile zilizookolewa, zile zilizouzwa zipo kwenye kabati la jikoni la bibi wa mtu.

Haya mambo ya hela. Kiingilio kilianza Machi 2022, kabla ya hapo sehemu kubwa ilikuwa bure isipokuwa West Beach. Gari ni dola 25 na inatumika mpaka siku 7, mtu wa miguu au baiskeli 15, pasi ya mwaka ya hapa tu 45. Kama mnapanga kwenda hifadhi zingine za taifa mwaka huo bora mkachukue ile pasi ya nchi nzima. Jambo linalowachanganya wengi: katikati ya hii hifadhi kuna Indiana Dunes State Park, hiyo ni ya jimbo, ni ya tangu 1925, ina geti lake na tiketi yake, pasi ya taifa pale haifanyi kazi. Wale wanaoonyesha picha wamepanda vilima vitatu kwa mkupuo walikuwa huko, Three Dune Challenge, jumla futi 552 za kupanda. Ni zuri pia, ila ni mfuko mwingine.

Usafiri ndo sehemu hifadhi hii inazizidi hifadhi nyingi za Marekani, unaweza kuja bila gari. Treni ya South Shore Line inatoka Millennium Station katikati ya Chicago, unashuka kituo cha Miller kwa ajili ya Miller Woods, unatembea kama maili moja kaskazini, au unashuka Dune Park au Beverly Shores. Baadhi ya treni zinachukua baiskeli. Angalieni ratiba ya kurudi kabla ya kuondoka nyumbani, wikiendi treni zinaachana sana. Wanaotoka Indianapolis, kumbukeni saa, huku wanafuata saa za Chicago, mkifika saa zenu mnazirudisha nyuma lisaa limoja. Mkija na gari Jumamosi ya kiangazi fikeni asubuhi mapema, paking za bichi zinajaa, lakini hiyo tena ni shida ya watu wa bichi, Miller Woods na Great Marsh mara nyingi utakuta nafasi.

Kupe wapo, na ni wa aina inayoweza kuleta ugonjwa wa Lyme, kwaiyo suruali ndefu, soksi juu ya suruali, mkifika nyumbani mjikague mpaka nyuma ya masikio. Poison ivy ipo kila kona, mmea wa majani matatu matatu unaowasha ngozi vibaya, kwenye mchanga unaota kama kichaka kidogo na kwenye miti unapanda, msiuguse na msimruhusu mtoto aokote fimbo bila kuangalia imetoka wapi. Mbu mwezi wa sita na wa saba kwenye kinamasi ni balaa. Maji ya kunywa bebeni mengi kuliko mnavyodhani, msituni hakuna duka. Chakula pia bebeni, labda mkipita mjini, na kuna sehemu moja ya kula huko njiani sitaitaja jina lakini walinikalisha sana kwa samaki aliyekuja baridi, tangu hapo natembea na hotpoti yangu. Na mkimalizia ziwani angalieni bendera na mawimbi, mikondo ya Ziwa Michigan inavuta mtu, hasa karibu na kuta za bandari, watu wanazama kila mwaka ziwani humo.

Wa kempingi, kambi ya hifadhi inayoitwa Dunewood haina umeme kwenye viwanja vyake, ila bafu na vyoo vipo, na kituo cha treni cha Beverly Shores hakipo mbali. Huko Beverly Shores pia kuna zile nyumba za maonyesho ya dunia ya Chicago ya 1933, nyingi zililetwa kwa boti, moja ya pinki kabisa, mkipita mtaiona tu haijifichi.

Nyota nne. Ya tano nimeibana kwa sababu ya vipande, maana kutoka Miller kwenda Cowles Bog kwenda Pinhook ni barabara kuu, reli, kiwanda, mtaa wa watu, barabara tena, huwezi kutembea moja kwa moja, na kelele za treni na malori zinakufuata hata ndani ya kinamasi. Asiye na gari Pinhook aisahau isipokuwa apate lifti. Mwenye masaa mawili tu ashuke Miller. Mwenye siku nzima aanze Cowles Bog saa moja asubuhi kabla mchanga haujapata moto, ajitupe ziwani katikati ya mzunguko, arudi kwa kivuli cha mialoni, na jioni akiwa na nguvu asimame Great Marsh na darubini. Pinhook kaangalieni tarehe za renja mapema, siku zenyewe ni chache, na vaeni viatu vya kufunika vidole maana ile mbao ikilowa inateleza.